Maji Niliyoyachota Mwenyewe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile asubuhi mwenye mtambo wa dhahabu alipoleta chupa zake maabara. Ilikuwa miaka ya soko huria, Bariadi imejaa wanunuzi wapya wa pamba, na kila mwenye gari aliitwa mwekezaji. Mimi nilikuwa binti mpimaji wa maji, mkaidi tangu tumboni, na hadi leo sijapona.

Watu wa kijiji kimoja walikuwa wamelalamika kwamba matope ya mtambo ule, yenye zebaki ya kukamatia dhahabu, yanatiririkia kwenye lambo lao. Bwawa hilo la kuchimba ndilo walilonywea maji, wao na ng'ombe wao. Mwenye mtambo akasema maji ameshayachota yeye, nipime hayo. Nikamuuliza kama alitia tindikali kwenye chupa. Akacheka tu. Wewe nawe ni mpimaji wa maji, unajua, mwanangu: bila tindikali zebaki hunata kwenye kuta za chupa, na maji yakipimwa huonekana safi.

"Pima hizo hizo, binti," mkuu wangu akaniambia. "Tukiwafukuza wawekezaji tutakula nini?"

"Hizi sipimi. Na jina langu haliendi kwenye majibu hayo."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikafunga kwenye baiskeli chupa zangu, dawa na faneli ya kutenganishia, nikaenda lamboni. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akanisalimu kwa Kisukuma, akaniita mama.

"Mwangaluka, mayu. Usiyapeleke mjini hayo maji. Tunaokunywa ni sisi, pimia hapa."

Nikapimia pale pale. Siku hizo hatukuwa na hiyo chumvi yenu iliyo majimaji bila kutiwa maji, mnayoitikisa ndani ya sampuli ikafyonza metali. Sisi tulikuwa na dawa ya kijani, inanuka hiyo, we acha tu. Niliitikisa na maji ya lambo, nikangoja itulie chini, na watu wote wakaona kijani kimegeuka rangi ya chungwa. Zebaki ilikuwemo. Yule mzee akawaondoa ng'ombe wake, kisha wanakijiji wakachukua majembe, wakauziba mfereji wa matope. Mimi niliachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Nikarudi kulima pamba, na msamaha sikuomba.

Sasa unanipigia simu kwamba wenye mgodi wanataka wachote wao, wewe upime tu, na kwamba chumvi yako ni ya kisasa, haidanganyiki. Mwanangu, chumvi yako itakamata kilichomo kwenye chupa waliyokuletea, basi. Nenda ukachote mwenyewe, tia tindikali kwa mkono wako, na chupa zao zirudishe kama zilivyokuja. Wakikufukuza, shamba langu lipo na jembe lipo. Mungu akupe mikono isiyotetemeka na kichwa kigumu kama changu, na wanaokunywa maji hayo wasije wakalilaani jina lako.