Kopo Juu ya Kabati

Juzi nesi alinifunga mkanda wa kupimia presha. Uliponibana mkono nikazuia pumzi, kama mchana ule wa utotoni nyumbani kwetu Nguvumali.

Mama alinikalisha chumbani kwa Bibi, akasema, "Tulia hapo. Ukimpandisha presha, atatufia." Jikoni papa wa chumvi wa Bibi alikuwa akichomwa. Moshi ulinikereketa koo, nikameza kikohozi mpaka machozi yakanitoka, huku nje wenzangu wakicheza rede. Niliamini nikikohoa tu nitamuua. Juu ya kabati, kopo la vidonge vyake lilikuwa limejaa.

"Hivyo nameza kichwa kikiuma," Bibi alinieleza. "Leo mie mzima."

Nesi aliponiuliza kama vidonge vyangu nameza kila siku, jibu la Bibi lilinitoka mdomoni.