Vibuyu vya Kibarazani

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa ya baridi, anga jeupe; kufika saa sita upepo wa mashariki ulikuwa umeamka, na vumbi lilipita barabarani taratibu kama mtu asiye na safari.

Evodia alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, Miyuji, msumeno mdogo mapajani, akivitazama vibuyu vyake vikiyumba chini ya paa. Jioni ile alikuwa aipokee jumuiya yake ya sala. Jumamosi iliyopita aliisubiri mpaka mshumaa ukaisha na chai ikapoa kwenye chupa, asije hata mmoja. Violeth, mwenyekiti wao, alituma ujumbe kwamba watu wamepata dharura. Evodia alipomwomba wajaribu tena wiki hii, Violeth alijibu, “Tutaona, dada,” akaangalia pembeni.

Alikuja Dodoma ofisi yao ilipohamishwa, akitokea Kagera, ambako mvua haihitaji kuombwa. Miche ya maua aliyobeba kutoka kwao aliimwagilia asubuhi na jioni, ikafa yote. Mwaka uliofuata akaacha kubishana na nchi ya watu, akayaachia majira yampambie kibaraza. Mvua zikianza Desemba, viazi vitamu vilivyochipukia jikoni huviweka kwenye sufuria iliyotoboka, na majani yanateremka ukutani bila kumwomba kitu. Wakati wa mavuno huweka mashuke ya mtama ndani ya mtungi, basi. Kiangazi kikikaza, tawi kavu la mgunga na bakuli la maji chini yake. Ndege huja wakalipamba wenyewe. Na kipupwe ni cha vibuyu, kwa sababu upepo ukipita hugongana polepole, sauti kama ya watu wanaoongea chumba cha pili, na nyumba ya mtu anayeishi peke yake inakuwa na wenyeji.

Mwaka huu, mwishoni mwa Mei, aliviona vimepauka mno. Akachana kanga nyekundu iliyozeeka, akavifunga shingoni, kisha akaviziba midomo kwa magunzi ili nyuki wasiingie.

Wiki hiyo hiyo, alasiri, usingizi ulimchukua kitini. Aliota migomba ya kwao inadondosha maji. Alipofumbua macho nusu, mzee mwenye mvi alikuwa ameketi sakafuni mbele yake, viatu amevua.

“Shikamoo,” mzee akasema.

Evodia alidhani bado anaota, maana yule alikuwa rika la baba yake na ndiye aliyestahili kuamkiwa. Mzee akajitaja jina, Matonya, wa upande wa Ihumwa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wake wamepotea tangu juzi, je, watarudi? Evodia, ambaye masikio yake bado yalikuwa yanasikia mvua, alimwambia watarudi kiu ikiwashika. Mzee akashukuru, akaondoka kinyumenyume. Ng'ombe wakarudi jioni ile ile, na mzee hakuwa mtu wa kuficha jambo jema.

Yote haya Evodia alikuja kuyaelewa jana tu, Bibi Loisi, jirani yake Mgogo, alipopita kuazima kinu. Aliposikia habari ya jumuiya aliviangalia vibuyu, akacheka mpaka akakaa chini.

“Mwanangu, umefungua kilinge cha mganga.”

“Mimi, bibi? Mtoto wa katekista?”

“Mtoto wa katekista ana vibuyu vyenye vitambaa vyekundu. Ndani mna nini?”

“Upepo tu.”

“Hilo unalijua wewe. Wenzako wanaona kizibo, na mzee amekupa shikamoo. Unataka waje na rozari zao wakae chini ya dawa?”

Evodia alisema ataviondoa usiku huo huo. Loisi akakataa: akiviondoa, watasema amevihamishia chumbani. Avikate. Kibuyu kizima kilichozibwa huwezi kujua kimebeba nini, lakini kikikatwa kinakuwa kata ya maji, na kata ipo kila nyumba.

Basi mchana huu alivishusha, akabakiza kimoja jikoni, vingine akavikata kimoja baada ya kingine, unga mwepesi ukipeperuka kuelekea barabarani. Alikwangua mbegu, akasuuza, akakausha juani, kisha akazitundika kata zile kwenye misumari ya ukutani, matumbo wazi yakitazama njia. Mtungi akauweka chini yake, umejaa maji.

Jua lilipokuwa linalegea aliwaona wanakuja wawili wawili, kanga zikivutwa na upepo. Wakasimama nje ya kibaraza. Wakazitazama zile kata. Evodia naye hakujitetea. Aliwakaribisha tu. Violeth alipanda kwanza. Akachungulia kata ya kwanza, akachungulia ya pili, akaingiza mkono akapapasa ndani. Kisha akaitungua, akachota maji mtungini, akanywa mpaka mwisho, na kuipitisha kwa aliyekuwa nyuma yake.

“Maji yako yana utamu wa kibuyu kipya,” alisema. “Lakini dada, ng'ombe wangu mimi hawajapotea. Nipe kiti.”

Wakacheka, wakaingia, na kibaraza kikajaa viatu. Walisali mpaka giza likaingia, na upepo ukavuma nje, lakini kata hazikugongana.

Asubuhi iliyofuata Evodia alifagia kibaraza kabla ya misa. Msumari mmoja ulikuwa mtupu: kata moja imekwenda na mtu, kama vinavyokwenda vitu vya jirani. Alichukua kile kibuyu kizima alichokibakiza jikoni, akakipima pale ukutani, kisha akakirudisha ndani. Akauacha msumari vile vile, akafunga mlango, akaenda kanisani.