Roboti Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Mwaka ule Warundi walipojaa ufukweni Kagunga, nilitumwa na redio kuandika habari zao. Nilikuta roboti ikisubiri hotuba.

Ilikuwa ya kuzamia majini, imeletwa kutoka Dar es Salaam kutafuta waliozama mtumbwi ulipopinduka karibu na kijiji. Mama mmoja mkimbizi alikuwa hajampata mume wake. Kesho yake meli ingewachukua kwenda Kigoma, kisha kambini. Alitaka amzike kwanza.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Fundi aliijaribu roboti kando ya boti: aliielekeza pua kwenye mkondo, ikatulia juu ya jiwe, picha kwenye skrini haitikisiki. Akaomba aanze. Ofisa msimamizi, bwana wa miwani myeusi, akamkatalia. Mgeni rasmi hajafika, alisema, au kifaa kizinduliwe na samaki? Wasaidizi wake wakacheka, kwa kuwa ndiyo kazi waliyokuja kuifanya. Roboti ikarudishwa mezani, ikafungwa utepe.

Mgeni rasmi alifika upepo wa kusini umeshachachamaa. Akakata utepe, akazungumzia maendeleo, akapigwa picha ameshika rimoti juu chini. Hakuna aliyethubutu kumgeuzia.

Ndipo tulipoingia botini: fundi, ofisa, mimi, na yule mama, ili atambue. Boti iliyumba kwenye nanga. Mkondo uliikamata kebo ya roboti, ikapinda kama upinde na kuivuta roboti nyuma. Fundi akiongeza nguvu, inatifua matope na skrini inakuwa giza. Mara matope yakapisha, likaonekana koti lenye kiraka cha kitenge begani. Mama aliinuka. Kiraka kile alikishona yeye.

Roboti ikaburuzwa pembeni. Koti likapotea.

"Irudisheni palepale," mama alisema.

"Mama, mkondo umezidi. Siwezi kuishikilia."

"Asubuhi mliishikilia."

Fundi alimtazama ofisa. Ofisa alifuta miwani yake. Tulijaribu mpaka jua likashuka, hatukuliona tena koti, na tuliporudi ufukweni ofisa akatangaza kwamba zoezi limefana. Soda zilizobaki za sherehe zikapakiwa kwenye boti ya mgeni rasmi.

Asubuhi meli ilipong'oa nanga, sanduku la roboti lilikuwa sitahani, kivulini, limefunikwa turubai lisipate joto. Mama alikaa juani na wenzake, uso ameuelekeza pale tulipokuwa jana yake. Maji yalikuwa yametulia kabisa.