Vistari Vyangu na Njia ya Hombo

Wakati wa vita nilikuwa na kazi safi kuliko wote ofisini kwetu Bukavu, na nilijua hivyo. Masista walionisomesha waliniambukiza ugonjwa wa unadhifu, sijapona mpaka leo. Ofisi yetu iliwatafuta watoto waliopotezana na wazazi njiani wakikimbia. Tulikuwa na kompyuta moja, nami ndiye niliyeingiza faili zao. Chini ya kila faili palikuwa na mstari wa maneno ya kutafutia: mahali, nguo, kovu.

Mkimbizi wa kwetu ukimuuliza ametoka wapi, hatakutajia mji mmoja. Atakutajia njia nzima. Basi nami niliandika njia nzima, miji nikiiunganisha kwa vistari, mstari ukanyooka vizuri. Ilipendeza macho.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa Bunyakiri, aliyekuwa akimtafuta binti yake mdogo. Alipokuja mara ya kwanza niliandika Bunyakiri, mashine ikajibu hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu alifika na matope mpaka magotini, na mimi, Mungu anisamehe, nilikunja uso kabla hajaketi.

"Haiko, mama. Nilishakuambia."

"Angalia tena, maman."

"Hata jina yake haiko."

"Jina hataisema. Nilimukataza kuambia jina watu asiojua. Njia njo nilimufundisha." Akahesabu kwa vidole, kama mtu wa katekisimu: "Hombo, Bunyakiri, Miti, Kavumu."

Ili kumridhisha tu niliandika alivyotaja, na vidole vyangu, kwa mazoea, vikatia vistari. Faili moja ikafunguka. Msichana, kovu kwenye kisigino, amepokelewa na familia moja ya Bagira, hapa hapa mjini. Bagira! Mimi mwenyewe nilikaa Bagira. Huenda tulikutana naye kisimani.

Mama alilia, nami nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Mashine yetu ilitenganisha maneno kwa alama ya mkato peke yake. Vistari vyangu viliifanya ione njia nzima kuwa neno moja refu, hivyo aliyeuliza Bunyakiri tu alijibiwa hakuna.

Mkubwa wetu alitaka kuniokoa. "Tuseme mashini njo ilikuwa na panne, iliharibika."

"Hapana, chef. Ni mimi njo nilikosea."

Ninajivunia jibu hilo kuliko diploma yangu. Kisha nilifungua faili zote, moja baada ya nyingine, nikatoa vistari na kutia mikato. Hakuna aliyenisaidia, wala sikutaka. Ilichukua wiki nzima, na kabla haijaisha wazazi wengine tuliokuwa tumewarudisha mikono mitupu walikuwa wameitwa kuchukua watoto wao.

Mama yule alirudi na binti yake kutuaga. Nikamweleza kosa langu lote. Alinitazama sana.

"Mara mbili nilirudi Bunyakiri na miguu, nikisema mutoto alishakufa."

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe.

"Dada yangu pia alipoteza mutoto," akasema. "Andika. Na utie ile virgule yako."

Nikaandika njia ya mtoto huyo, nikatia mikato. Nikamwonyesha kiti, akakataa. Alibaki amesimama nyuma yangu, mkono wa binti yake mkononi.

"Sasa tafuta."

Niliandika Bunyakiri, peke yake. Faili niliyotoka kuiandika, ya mtoto wa dada yake, ikatokea.

Ndipo akaketi.