Alizimika Utamu Ukiwa Mdomoni

Mama aliyekuwa akiuza mtindi nyuma ya stendi ya Bariadi amefariki. Wengi wenu mlikunywa mikononi mwake hata kama hamkuwahi kumuuliza jina, na mimi sitalitaja hapa kwa kuwa wanawe wameniomba nisilitaje. Alifariki Alhamisi asubuhi, siku ya tatu tangu azimike akiwa amekaa kwenye kigoda chake, na tumemzika kwao, upande wa Mwamanyili. Mhariri aliniambia nisubiri miezi miwili hasira ipoe ndipo niandike. Nimemwambia sitaki ipoe, naitaka ikiwa ya moto, maana nina mtu wa kumchoma nayo. Anayetafuta yale ya "alikuwa mpole, alipendwa na wote" afungue ukurasa mwingine. Hakuwa mpole. Niliwahi kumwona akimpokonya dereva wa basi kikombe kikiwa kimeshafika mdomoni, kisa amemwita "we bibi". Alimwambia, "Kanywe kwa bibi yako," akammwagia mbwa ule mtindi, kisha akamgeukia mteja anayefuata na kumsalimia kwa heshima zote.

Mimi nilimjua kupitia mimba yangu ya kwanza. Tumbo lilikataa kila kitu isipokuwa mtindi wake, nikawa naenda pale kila siku kama mtu aliyeajiriwa. Aliniita ng'wanone, mwanangu, na tangu hapo hakuniita kitu kingine. Mbele yake alikuwa na bakuli la bati lenye mfuniko, ndani sukari ya wateja. Yeye aliwadharau waliotia sukari kwenye mtindi. Alisema huo ni mtindi wa watoto wachanga na walimu. Lakini bakuli lile lilikuwa na kazi nyingine ambayo wachache tuliijua. Mama huyu alikuwa na kisukari cha miaka mingi, akichoma sindano ya insulini kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Siku za mnada, wateja wakizidi asipate nafasi ya kula, mikono ilianza kumtetemeka na jasho kumtoka puani. Hapo alifunua bakuli, akachota vijiko viwili, akatafuna sukari kavu kama anatafuna karanga. "Ngoja nijaze mafuta," alikuwa akisema. Akikaa kidogo, mikono inatulia, anarudi kutukana watu. Hakuna daktari aliyekuwa pale. Daktari wa pale alikuwa lile bakuli.

Ndipo akaja huyo bwana. Naye simtaji, ila mmemwona, anatembea minadani na meza ya kukunja, kipaza sauti na koti jeupe ambalo sijui nani alimpa, maana si daktari, si muuguzi, hata ng'ombe hajawahi kumtibu. Anauza unga mweupe kwenye vipakiti, na anauita sukari ya wagonjwa. Anasema sukari ya dukani ni sumu, inapofusha, inakata miguu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba si yote ni uongo. Shangazi yangu alikatwa mguu chini ya goti kwa ugonjwa huu baada ya miaka ya chai yenye vijiko vitano na soda kila mchana, huku dawa akizinywa pale anapokumbuka. Kwa hiyo yule bwana aliposema miguu, mimi nilisimama, mtoto mgongoni, nikasikiliza mpaka mwisho. Nikanunua kipakiti. Niliona nawaokoa wanangu na uji wa sukari.

Siku hiyohiyo alifika kwenye mtindi, nami nipo. Alimwangalia mama, akaangalia bakuli, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta mtoto anachezea wembe.

"Mayu, mama yangu, wewe mwenyewe mgonjwa, halafu kutwa nzima umekaa na sumu mbele yako?"

"Ni ya wateja."

"Na wateja unawapenda?"

"Baadhi."

Tulicheka wote, naye akacheka. Ni mtu wa kuchekesha, sitamnyima hilo. Akafungua kipakiti, akamwonjesha unga kwenye ncha ya kijiko. "Umeona? Utamu uleule, tena unazidi. Na haina sukari hata chembe. Toa hiyo, weka hii, wateja wapone na wewe upone."

Mama akanigeukia. "Ng'wanone, wewe umesoma. Unasemaje?"

Nimemaliza kidato cha nne. Nilisoma baiolojia. Nilichora kongosho kwenye daftari na mwalimu akanipa vema. Nikamwambia, "Mama, weka tu. Mimi mguu wa shangazi niliuona." Akaimimina sukari yote kwenye mfuko, akanipa nikapikie wanangu, na bakuli likajaa unga wa yule bwana. Wanangu walikunywa uji kwa sukari ile karibu mwezi mzima, kwa kuwa kipakiti changu mwenyewe kilikuwa na uchungu wa ajabu nyuma ya ulimi na walikikataa.

Jumanne ile ilikuwa ya mnada. Nilifika kama saa nane mchana, nikamkuta amelowa jasho na vikombe vimemzunguka bila kuoshwa, jambo ambalo si lake. Sindano alichoma alfajiri, na tangu hapo alikuwa amepitisha chai kavu tu. Hakuweza kusema vizuri. Akanyoosha kidole kwenye bakuli. Nikajua, nikafanya haraka, nikakoroga vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, nikamnywesha. Akakunja uso kwa utamu. Nikamwambia, "Tulia mama, sasa hivi." Tukasubiri. Mikono ikazidi kutetemeka. Nikakoroga kingine, safari hii vijiko vitano. Nisomeni vizuri hapa, kwa sababu sitaki mtu aseme sikujua kilichokuwa ndani. Nilijua ni ule unga. Akili yangu iliniambia kwamba mgonjwa wa sukari apewe sukari ya wagonjwa, na kwamba kinachomrudisha mtu ni utamu. Sasa utamu upo, tena mwingi, kwa nini harudi? Akaanza kuongea na mimi kwa Kisukuma kana kwamba mimi ni dada yake aliyekufa zamani, akiniuliza kama ndama wamefungwa. Halafu kichwa kikaanguka kifuani.

Hatua kumi kutoka pale kuna duka la soda.

Tulimpeleka kwa bajaji. Muuguzi akaniuliza amepewa nini, nikajibu haraka, hata kwa kujiamini, nikamkabidhi kile kipakiti. Alikisoma mbele na nyuma, akakiweka mezani taratibu, na hakunitazama tena mpaka walipomaliza kumwekea dripu. Sukari ilipanda kwenye kipimo. Yeye hakurudi. Walinieleza baadaye kwamba ubongo unaishi kwa sukari iliyo kwenye damu, na wake ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu mno wakati mimi namlisha kitu ambacho ulimi unakihesabu na damu haikihesabu.

Msibani watu walileta sukari, kama tunavyoleta siku zote. Kilo moja, kilo mbili, kila mama aliyeingia alikuwa na mfuko. Nilikaa jikoni nikaitazama ikirundikana kwenye kona kama kichuguu cha mchwa, nikasema moyoni, vijiko viwili tu, jamani, viwili. Na ndipo yule bwana akaja. Alikuja amevaa vizuri, akasalimia wazee, akaleta boksi zima la vipakiti vyake, "kwa ajili ya chai, maana marehemu alikuwa mtu wetu." Wanawake jikoni walishaanza kulifungua. Nililichukua, nikaenda nalo chooni, nikamwaga kipakiti kimoja kimoja mpaka cha mwisho, nikamrudishia boksi tupu mkononi, mbele ya wazee. Mjomba wa marehemu akaniambia, "We mwanamke, hapa ni matangani." Nikamjibu kwa heshima kwamba ndiyo baba, najua, nimekuja kwa ajili hiyohiyo.

Baada ya mazishi nilirudi kwa yule muuguzi. Nilitaka aniambie kwamba ule unga ni sumu, nipate cha kuandika. Hakunipa. Alisema vitamu bandia vilivyopitishwa, vikitumiwa kwa kipimo, mgonjwa wa kisukari anaweza kuvitumia, na kwamba sukari nyingi kila siku inaua watu wengi zaidi, polepole, bila msiba wa ghafla wa kutustua. Nikamuuliza kuhusu saratani, maana sokoni ndiyo habari yenyewe. Akasema wataalamu bado wanabishana juu ya baadhi ya vitamu hivyo, na kwamba yeye hatanitisha kwa kitu asicho na uhakika nacho. Kuhusu kupunguza unene, akasema nisivitegemee. Kuhusu wanangu, akaniuliza swali moja: "Kwani lazima uji uwe mtamu?" Sukari ina lawama zake, unga una lawama zake, na mimi nilikuwa nabishana kipi kitie utamu kwa mtoto ambaye angezoea uji wa maziwa bila utamu wowote ndani ya wiki mbili. Amezoea kweli, kwa makelele.

Lakini akaniambia na hili, na hili ndilo nimelibeba. Anayechoma insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, anaweza kushuka kupita kiasi. Siku hiyo sukari ya kawaida ndiyo dawa yake, au soda ya kawaida, au asali, alimradi bado ana fahamu na anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali asipotulia. Kitamu bandia hakimsaidii hata kidogo. Na akishazimika, usimtie kitu mdomoni, kimbia naye. Dakika moja inatosha kuyasema hayo. Yule bwana ana kipaza sauti na siku nzima.

Watu wa pwani wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuna tabia hiyo kwa kila kitu kinachoingia na spika. Tulitupa mbegu zetu, tukatupa vibuyu, mara nyingine kwa faida, mara nyingine kwa sababu tu aliyesema alivaa koti. Hatumuulizi kitu cha zamani kilikuwa kinafanya kazi gani. Mimi niliyesoma ndiye niliyeulizwa, na mimi ndiye ambaye sikuuliza.

Kwa hiyo nimeanza kumlipa. Mnada wa kwanza, hapa Bariadi, nilichukua kigoda, mtoto mgongoni, nikakaa kando ya meza yake. Akisema haina sukari hata chembe, mimi nauliza kwa sauti, "Mtu akishuka, hii inamwinua?" Akiendelea, nauliza tena. Akasema nina wazimu wa uzazi. Mama mmoja muuza dagaa kutoka Lamadi akamwambia, "Wazimu tumeuona, sasa jibu swali." Watu wakaangua kicheko, na hakuna aliyenunua. Mnada wa pili nilimfuata Malampaka. Alikuja bila koti. Mnada wa tatu ulikuwa Nyashimo, na kabla sijafungua mdomo alinitazama, akashusha pumzi, akasema kwenye kipaza sauti: "Anayechoma sindano asitoe sukari ya kawaida nyumbani. Akishuka, hii haimsaidii." Aliisema haraka kama mtoto anayekiri kuvunja chungu. Nikamwambia arudie, mzee wa nyuma hajasikia. Akarudia.

Jioni akifunga mzigo alinifuata. Hakuwa na utani tena. "Mama, nikuulize kitu kimoja. Nilidanganya wapi? Nilisema haina sukari. Haina sukari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikujiandaa kwa hilo. Ni kweli, hakudanganya. Nikamwambia, "Hukudanganya. Uliishia pale palipokufaa wewe." Akasema, "Na wewe ulimwambia aweke tu." Akabeba meza yake akaenda.

Nilitembea mpaka barabarani mtoto akiwa amelala mgongoni, na nilitamani kumpata yule mtu nimrarue, kwa sababu alichosema ndicho ninachojiambia mwenyewe kila ninapokoroga kitu kwenye kikombe. Sijamsamehe, na msinitumie ujumbe wa kuniambia nimsamehe. Nimempa adhabu yake, aiseme ile sentensi kila mnada, mbele za watu, mpaka nywele zake ziwe nyeupe. Nisipoweza kwenda mimi, yupo mama wa dagaa, yupo na mwingine Malampaka, watasikiliza kwa niaba yangu. Na mimi nimejihukumu adhabu hiyohiyo, maana kosa tulilifanya wawili. Kwa hiyo isikieni kwangu leo, na mtaisikia kila mtakaponikuta: kama nyumbani kwako kuna mtu anayechoma insulini, weka sukari ya kawaida mahali ambapo hata mtoto anaifikia, na mfundishe kila mtu wa nyumba hiyo lini ya kumpa. Halafu waambie na jirani.