Soketi Moja kwa Watu Wawili

Praygod na Ansbert walikuwa wahudumu kwenye meli ya watalii. Chumba chao kilikuwa na soketi moja tu, na adapta moja waliyoipokezana. Siku moja Ansbert alipitiwa na usingizi huku simu yake ikiwa kwenye chaji, akisubiri habari za baba yake mgonjwa. Praygod aliichomoa akachomeka yake, apate kuongea na mchumba wake. Simu ya Ansbert ikazima; Praygod akairudisha kwenye adapta kabla mwenzake hajaamka. Nyumbani wakapiga wee, mpaka mzee akakata roho bila kuisikia sauti ya mwanawe.

Likizo yake ilipofika, Praygod alimwacha Ansbert melini, akaenda nyumbani kwao Chanika kumpa pole mama yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ansbert anasema adapta ililegea. Anajilaumu kununua kitu kibovu.”

Praygod alishindwa kuinua macho. “Haikulegea, mama. Mie ndiye niliyeichomoa simu yake.”

“Mwenyewe anajua?” mama aliuliza.

“Hajui.”

“Basi mpigie sasa hivi, mbele yangu.”

Ansbert alipokea kwa furaha. Praygod akamwambia yuko mbele ya mama, akamweleza yote. Ansbert alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Nipe mama.”