Ndege Tuliyoiweka Hanang

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, juu kidogo ya Dongobesh, kusaidia kung'oa vitunguu saumu. Tukiwa shambani, wapima ardhi wakarusha droni juu ya shamba la jirani. Nikasimama na vitunguu mkononi, shingo juu, nikaifuata kwa macho mpaka ikapotelea upande wa barabara. Nilipogeuka nikakuta ni mimi peke yangu niliyesimama. Wengine wote walikuwa wameinama na kazi zao, na jirani yetu, mama mwenye maneno, akaniuliza kama huko mjini ninakokaa tumekatazwa kutazama juu.

Nilicheka naye, lakini moyoni nilishangaa. Mimi nilikulia kijiji hichohicho, na enzi zetu kitu kikiruka hata makande yaliungulia jikoni.

Ngoja nikusimulie. Baba mdogo alikuwa fundi wa ndege ndogo kule Arusha. Likizo moja ya Desemba alikuja na boksi refu lililofungwa kamba za katani, na ndani yake mlikuwa na ndege ya kujifunzia, ile ya kuendeshwa kwa rimoti. Alipewa na rubani mmoja aliyekuwa anahama nchi. Mabawa yake yalikaa juu ya mgongo, mapana, na nikinyoosha mikono yote miwili sizifikii ncha zake. Ndani ilikuwa na mifupa ya mbao nyepesi ajabu, na juu ya mifupa ngozi ya nailoni nyekundu iliyokazwa kwa pasi. Baba mdogo alisema imetengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua kitu: ukichanganyikiwa, legeza vidole, itajinyoosha yenyewe.

Tuliirusha mara ya kwanza Jumapili, kwenye uwanja wa shule, watu wakitoka kanisani. Kwaya ilikuwa bado imevaa majoho. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikayumba, halafu magurudumu yakaachana na ardhi. Mwalimu wangu wa darasa la nne, aliyetufundisha kwa nini ndege huruka, alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya Jumapili. Bibi, ambaye siku zote alisali kwa Kiswahili cha kanisani, alimwita Mungu kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu.

Nilijifunza kwa miaka miwili. Kila siku kwanza kuchota maji, kisha kukata majani ya ng'ombe, kisha kuosha vyombo, ndipo uwanjani. Betri niliipeleka dukani Dongobesh kwa mtu aliyechaji simu, ikapanga foleni pamoja na simu za watu wazima. Nikawa naishusha hatua tano kutoka kwenye goli. Halafu, sitakuficha, nikaichoka. Baba mdogo akaniletea nyingine, yenye mabawa ya chini, ya kasi, isiyosamehe kosa, na ile nyekundu nikaitundika stoo juu ya vitunguu saumu. Baada ya wiki mbili ilinuka kama mboga.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza: ifanywe nini? Baba mdogo alitaka iuzwe kwa shule moja ya sekondari. Baba alitaka itundikwe ukutani sebuleni, wageni waione. Mimi nilitaka zote mbili zibaki zangu, ingawa ile ya zamani nilikuwa hata siifuti vumbi. Bibi alitusikiliza jioni tatu, kisha akasema mtu mwenye akili hakai na mifugo yake yote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukipita, utamwacha mikono mitupu. Wa pili huwekwa kwa rafiki.

Kwetu hilo halikuhitaji maelezo. Bibi alikuwa na mtamba aliyemweka kwa familia moja ya wafugaji, Wabarbaig, kule tambarare za Hanang tangu kabla sijazaliwa. Wao walimchunga, maziwa na samadi vikawa vyao. Ng'ombe akabaki wa bibi, na urafiki ukawa wa wote. Kwa hiyo Jumamosi moja ndege ikapakiwa kwenye pikapu ya baba mdogo, nami nikapakiwa kando yake nimenuna, bibi akiwa amekaa mbele.

Baba wa familia ile alikuwa mzee mrefu mwenye shuka na fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye ile ndege. Bibi akamkabidhi kwa maneno yaleyale ya ng'ombe: mnyama ni wangu, lakini yuko kwako, na kuruka kwake kote ni kwako. Mzee akauliza swali moja tu, kama ana tabia ya kupiga mateke.

Alikuwa na binti wa rika langu. Tulilala pale siku tatu, tukinywa maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nami nikamfundisha. Uchungu ulinizidi alipojua kwa siku mbili kile kilichonichukua miezi. Alikuwa amechunga tangu anajua kutembea, na kutwa nzima alikuwa akitazama mwewe. Hakutazama rimoti hata kidogo. Alitazama upepo kwenye nyasi, halafu vidole vyake vikaamua.

Ile ndege yangu mpya niliigongesha kwenye mkaratusi kabla hata mahindi hayajapaliliwa. Nikataka ya zamani irudi. Bibi akakataa, akasema tangu tuiweke kule sijaenda hata kumjulia hali. Miezi ikapita, mvua zikaja, habari hakuna. Siku moja jikoni, mbele ya binamu zangu na jirani, nikasema wale watu wameshaiuza mnadani, wafugaji ndivyo walivyo.

Bibi aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Umeletewa ngozi?"

Nikasema sijaletewa.

"Basi nyamaza. Mnyama uliyemweka kwa mtu akifa, unaletewa ngozi yake uione. Kama hujaiona ngozi, huyo mnyama ni mzima, na wewe umemwita rafiki yangu mwizi."

Niliona aibu, lakini zaidi niliona hasira. Nilikuwa mtoto, nami niliendelea kuamini nilichokisema.

Walikuja mvua zilipokatika, mzee na binti yake, wakiwa na tope mpaka magotini, maana gari liliwaacha mbali. Wakanawa. Wakala makande. Yakaongelewa malisho, yakaongelewa mahindi, ikaulizwa hali ya yule mtamba wa bibi, ambaye sasa alikuwa bibi wa ng'ombe wengine. Ndipo mzee akamwashiria binti kwa kidevu. Binti akafungua mfuko wa kitambaa, akatoa nailoni nyekundu iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye magoti ya bibi kwa mikono miwili.

Mzee ndiye aliyeeleza. Kwao mnyama wa mtu aliyewekwa kwako halali peke yake. Analala zizini na wengine, ili asijione mgeni. Kila jioni ndege ile ililala katikati ya ng'ombe, kwenye kona aliyoizungushia miiba. Usiku mmoja fisi alipita, ng'ombe wakashtuka, fahali akavunja miiba na kuikanyaga. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama anayesimulia msiba, na baba mdogo, fundi wa ndege, alikuwa anatazama chini, nikadhani anajizuia asicheke. Kisha nikaona kuwa hacheki hata kidogo.

Bibi akaitandaza ngozi. Haikuwa na mkunjo wala doa. Ilikuwa imebanduliwa kwenye mifupa taratibu, bila kuchanwa popote ila pale ukwato ulipopita. Akaingiza kidole kwenye tundu lile.

"Nimeiona," akasema.

Nilidhani yameisha. Lakini binti akaingiza tena mkono mfukoni, akatoa kitu cha rangi ya majani makavu. Ilikuwa ndege ndogo, urefu wa mkono wangu. Alikuwa amepima mifupa ya ile iliyokufa, mmoja baada ya mwingine, akachonga mingine kwa mti mkavu unaobeba maua ya katani, ambao ni mwepesi usipime, na kuivalisha karatasi ya mfuko wa sukari. Haikuwa na injini. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu kwamba mama alikufa, lakini alizaa, na ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe. Akanipa mimi.

Nilimwambia twende tukaijaribu. Kusema kweli nilitaka tuwe wawili tu, nimwambie nilichowahi kusema jikoni. Tulipanda hadi ukingo wa kilima, pale upepo wa alasiri unapopanda kutoka bondeni na kukupiga kifuani. Nikamrudishia ile ndege, nikamwambia airushe yeye, kwa sababu mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Nikafungua kinywa ili niseme lile lililonipeleka pale.

Akaiachia.

Haikushuka. Ilienda mbele kidogo, ikasimama hewani kama inayofikiri, halafu ikaanza kupanda. Ikazunguka, ikapanda, ikazunguka tena, bila injini, bila rimoti, bila mtu. Mwewe wawili wakaja wakazunguka nayo. Tulishikana mikono bila kujua nani alianza. Ikawa ndogo kama nzi, ikawa nukta, ikaingia kwenye mwanga juu ya tambarare, kule Hanang, na hatukuiona tena.

Tulirudi mikono mitupu. Bibi alitutazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika mlango. Akasema huyo sasa amewekwa kwa Mungu, na huko hatutaletewa ngozi.

Siku hizi kwetu hakuna anayeweka mnyama kwa mtu. Malori huja mnadani, mifugo huondoka, na kila zizi lina kufuli. Bibi tumemzika nyuma ya nyumba. Yule mzee naye nasikia ametangulia, na binti yake ameolewa mbali, ng'ambo ya Katesh, kijiji ambacho sijui jina lake. Asubuhi iliyofuata ile siku ya kilimani alirudi kwao akiwa na furaha, akidhani nilimpeleka kilimani kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeshangaa kiasi kwamba nilisahau kila kitu, hata kumwomba msamaha. Bado sijamwomba.